Mifupa kumi na miwili ya dubu: DNA ya kale inaweza kusema nini kuhusu zama za barafu?

Swali: Nasoma shahada ya uzamili ya biolojia nchini Sweden. Jumba moja la makumbusho limekubali kutupa sampuli za mifupa kumi na miwili ya dubu wa kahawia kutoka mapango ya Ulaya ya kati na magharibi. Inakadiriwa kuwa ya kati ya miaka 8,000 na 45,000. Vitabu vinasema dubu wa Ulaya walijihifadhi Hispania, Italia na Balkani barafu ilipozidi, kisha wakasambaa tena kaskazini. Je, DNA ya mifupa hii inaweza kuthibitisha hilo? Nianze na mitokondria au jenomu nzima, yaani DNA yote ya mnyama? Na watu hukwama wapi?

Jibu: Mifupa kumi na miwili inaweza kuliangusha wazo hilo, lakini haitoshi kulithibitisha. Ishike tofauti hiyo mapema, maana ndiyo itakayoamua mfupa upi utobolewe, fedha ziende wapi na hitimisho la tasnifu yako liandikwe vipi. Kuhusu mitokondria na jenomu, utazihitaji zote mbili, ila si kwa kila mfupa.

Picha ya makimbilio ya kusini ilichorwa kutokana na dubu walio hai. Mwaka 1994 Taberlet na Bouvet walisoma kipande cha DNA ya mitokondria, ile inayorithiwa kwa mama peke yake, kwa dubu wa sehemu mbalimbali za Ulaya. Walikuta nasaba mbili kubwa, ya mashariki na ya magharibi. Ya magharibi nayo ilikuwa na matawi mawili: moja Hispania na kusini mwa Skandinavia, jingine Italia na Balkani. Hapo ulipo uko karibu na mpaka wenyewe: dubu wa kusini mwa Sweden ni wa nasaba ya magharibi, wa kaskazini ni wa mashariki, na mababu zao walizunguka kupitia Finland barafu ilipoyeyuka. Ramani ikiwa safi kiasi hicho, mtu hushawishika kuirudisha nyuma moja kwa moja na kusema kila tawi lilikuwa na kimbilio lake barafu ilipofika kileleni, kati ya miaka kama 26,000 na 19,000 iliyopita.

Lakini dubu walio hai ni wazao wa waliosalia tu. Waliokufa bila kuacha uzao hawamo kwenye ramani hiyo. Mfano ulio wazi kabisa unatoka Beringia, yaani Alaska, Yukon na kaskazini-mashariki ya mbali ya Siberia, maeneo yaliyounganishwa na nchi kavu maji ya bahari yaliposhuka. Mwaka 2000 Leonard, Wayne na Cooper walisoma mifupa saba kutoka udongo ulioganda wa Alaska na Yukon. Nasaba ambazo leo kila moja ina eneo lake Amerika Kaskazini zilikuwa zikiishi pamoja mahali pamoja kabla ya miaka kama 35,000 iliyopita. Miaka miwili baadaye Barnes na wenzake wakaongeza sampuli hadi takriban 70, na kikajitokeza kitu ambacho dubu wa leo wasingekionyesha kamwe: kati ya miaka 35,000 na 21,000 ya radiokaboni (umri wa kipimo cha kaboni, kabla haujasawazishwa na kalenda), dubu wa kahawia hawakuwepo kabisa Beringia ya mashariki. Walitoweka, kisha wakarudi. Katika pengo hilo alikuwepo Arctodus, dubu mkubwa wa uso mfupi, na dubu wa kahawia walirudi karibu na wakati ule yeye alipotoweka.

Angalia pia kwa nini pengo hilo liliaminika. Kukosa mifupa peke yake si ushahidi. Udongo uleule umetoa mifupa mingi ya kipindi hichohicho ya nyati wa kale, farasi na huyo Arctodus, kwa hiyo uhifadhi haukuwa kikwazo. Nawe utalazimika kuuliza swali hilohilo pangoni kwako: kama hakuna dubu wa miaka 22,000, je, kuna mbweha, farasi au kulungu wa miaka hiyo? Ikiwa tabaka zima ni tupu, huna la kusema kuhusu dubu.

Wakati mwingine mfupa mmoja unatosha. Ilikuwa ikiaminika kwamba dubu wa kahawia walifika kusini ya barafu kuu ya Amerika Kaskazini miaka kama 13,000 iliyopita. Mwaka 2004 ukachapishwa mfupa kutoka machimbo ya kokoto karibu na Edmonton, Kanada, wenye umri wa miaka kama 26,000 ya radiokaboni, na mitokondria yake ni ya nasaba ileile ya dubu wanaoishi leo kusini mwa Kanada na jirani zake wa Marekani. Walipita kabla barafu haijaziba njia. Kwa upande wa Ulaya, Valdiosera na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba dubu wa Hispania, waliodhaniwa kuwa akiba ya kale isiyoguswa, walipokea nasaba kutoka kwingine Ulaya mara kwa mara, na idadi yao ilipanda na kushuka sana. Huenda upweke wao wa leo ndio wa kwanza katika historia yao. Hata Afrika inahusika: dubu wa milima ya Atlas walitoweka, na mifupa yao ilitoa nasaba ya mitokondria ambayo haijaonekana kwa dubu mwingine yeyote, aliye hai au wa kale.

Basi panga swali lako liwe la namna ya kuvunjika. Mfupa wa miaka 26,000 hadi 19,000 kutoka kaskazini ya Alps ungeonyesha kwamba si wote waliokimbilia kusini. Nasaba ya mashariki kwenye pango la magharibi miaka 40,000 iliyopita ingeonyesha kwamba utengano wa leo ni wa baadaye. Nasaba mbili tofauti kwenye pango lilelile, moja kabla ya kilele cha barafu na nyingine baada yake, zingeonyesha kwamba wenyeji walibadilishwa. Kwamba walirudi walewale lingekuwa kosa kuliandika.

Kabla ya kuwasha drili

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na si kwa sababu ya kemia.

Kwanza, hakikisha kweli ni mifupa ya dubu wa kahawia. Mapango mengi ya Ulaya yamejaa mifupa ya dubu wa pangoni, spishi iliyotoweka, na kipande cha ubavu au mfupa wa mtoto hakimtofautishi. Mitokondria itakuambia mara moja, lakini ukishatumia bajeti ya kupima umri kwa dubu wasio wako, fedha hazirudi.

Pili, hakikisha ni dubu kumi na wawili. Mifupa kumi na miwili kwenye sanduku moja inaweza kuwa ya dubu wanne. Njia salama ni kuchukua kiungo kilekile cha upande uleule, mathalani chonge cha chini cha kushoto, kila ukiweza. Matokeo yakirudi na sampuli mbili zikawa na mitokondria sawa, jinsia sawa na umri unaopishana ndani ya kosa la kipimo, zichukue kuwa mnyama mmoja hadi jenomu ikanushe.

Tatu, DNA na umri vitoke kwenye mfupa huohuo. Kutumia umri wa tabaka badala ya umri wa mfupa ni hatari kwa dubu kuliko wanyama wengi: huingia pangoni kulala majira ya baridi, huchimba kitanda, hufia humo, na mifupa yao hukaa ndani ya tabaka lililowatangulia kwa maelfu ya miaka.

Nne, waulize wahifadhi kama mfupa uliwahi kupakwa gundi au vanishi, kuchemshwa au kuoshwa na kuanikwa juani. Mifupa iliyotoka ardhini karibuni na kuwekwa kwenye baridi mara nyingi hutoa DNA nzuri kuliko ile iliyokaa kwenye kabati lenye joto kwa nusu karne, hata kama wa kabatini unapendeza macho.

Sehemu bora ya kutoboa ni mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani. Ukikosekana, chukua mzizi wa jino, hasa tabaka la nje. Mfupa mrefu kama paja uwe chaguo la tatu, ukichukua ganda zito la nje. Piga picha na fanya skani kwanza, maana mfupa wa sikio una maumbile ambayo wataalamu wa mifupa wanayahitaji na ukishautoboa haurudi. Kwangua uso kwa ncha moja, badilisha ncha, kisha toboa kwa mzunguko wa chini ukipumzika kila sekunde chache. Ukisikia harufu ya nywele zilizoungua, kolajeni, yaani protini ya mfupa, imepata moto, na DNA nayo. Unahitaji miligramu 50 za unga kwa DNA, na ujiwekee nyingine kama hizo za akiba. Kwa radiokaboni kata kipande kizima cha nusu gramu hadi gramu moja.

Maabara

Chumba kiwe mbali na mahali popote ambapo DNA ya dubu wa kisasa huzalishwa kwa PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi), jengo jingine kama inawezekana, chenye hewa inayosukumwa kutoka ndani kwenda nje. Suti nzima, barakoa, glavu jozi mbili, meza zipanguswe kwa jiki na kuachwa chini ya mionzi ya urujuanimno usiku. Mtu akishaingia kwenye maabara ya kawaida asubuhi, harudi kwenye chumba safi siku hiyo. Wengi huogopa DNA ya binadamu, lakini hiyo hujitenga kwa urahisi wakati wa kupanga vipande. Adui yako ni dubu mwingine: unga wa sampuli namba 3 ulioshika kwenye pipeti na kuingia kwenye namba 4. Kwa hiyo weka sampuli tupu, isiyo na unga, kwenye kila kundi la uchimbaji wa DNA na kila kundi la maktaba (vipande vya DNA vilivyoandaliwa kwa mashine ya kusoma), na uzisome hadi mwisho kama sampuli halisi. Usizitupe kwa sababu kipimo cha awali kimeonyesha sifuri.

Kanuni ya uchimbaji inayotumiwa sana ni ya Dabney na wenzake ya mwaka 2013, na ilipata jina kwa mnyama wa jamii yako: ilisoma mitokondria nzima ya dubu wa pangoni wa zaidi ya miaka 300,000 kutoka Sima de los Huesos, Atapuerca, Hispania. Miligramu 50 za unga huingia kwenye mililita 1 ya EDTA ya 0.45 M yenye pH 8.0, na proteinesi K ya miligramu 0.25 kwa mililita, izungushwe taratibu kwenye nyuzi 37 usiku kucha. Kioevu kinachopatikana huchanganywa na mililita 13 za bafa ya guanidini haidrokloraidi ya 5 M yenye isopropanoli 40% na Tween-20 ya 0.05%, kisha hupitishwa kwenye kichujio cha silika na kutolewa kwa mikrolita 50. Usipunguze zile mililita 13 ili kuokoa bafa. Wingi huo ndio unaofanya vipande vya besi (herufi za DNA) 35 au 40 vishike silika, na vipande hivyo ndivyo ulivyo navyo. Kioevu kikitoka na rangi ya kahawia, kuna asidi za udongo zitakazozuia vimeng'enya hatua inayofuata. Kipunguze makali kwa maji mara tano au kumi kabla ya kukata tamaa.

Kama mfupa una bakteria wengi, unga unaweza kuoshwa kwa jiki iliyozimuliwa hadi 0.5% kwa dakika 15 kisha kusuuzwa kwa maji mara tatu. Asilimia ya DNA ya dubu hupanda, lakini jumla yake hushuka. Kwa mfupa maskini ni kamari. Jaribu kwenye nusu ya unga.

Kwenye kuandaa maktaba ya vipande, tumia njia ya uzi mmoja wa DNA kwa mifupa ya zamani zaidi, na ya nyuzi mbili, iliyo nafuu, kwa ile ya karibuni. Kila sampuli ipewe misimbo miwili ya pekee, mmoja kila mwisho, ambayo haikuwahi kutumika kwa dubu mwingine maabarani humo.

Mitokondria au jenomu?

Anza na hesabu. Chukua sampuli yenye DNA ya dubu asilimia 5, ambayo ni ya kuridhisha kwa mfupa wa pangoni. Ukisoma vipande milioni 10, laki tano ni vya dubu. Vikiwa vya wastani wa besi 50, una besi milioni 25, na jenomu ya dubu ina kama bilioni 2.3. Hiyo ni kusoma kila sehemu mara 0.01. Lakini seli ina nakala nyingi za mitokondria. Zikiwa mara 500 ya jenomu, mitokondria hiyohiyo imesomwa kama mara 5. Kwa hiyo usomaji mdogo wa uchunguzi kwa mifupa yote kumi na miwili unakupa mambo matatu kwa bei ndogo: asilimia ya DNA ya dubu, jinsia, na nasaba ya mama kwa mifupa iliyo mizuri. Iliyobaki, vua mitokondria yake kwa chambo, yaani vipande vya DNA vilivyotengenezwa ili vinase vinavyofanana navyo. Chambo cha dubu wa kahawia kinamnasa hata dubu wa pangoni. Halafu chagua miwili au mitatu yenye asilimia kubwa uipeleke kwenye jenomu.

Usiishie kwenye mitokondria, na sababu yake imo kwenye historia ya taaluma hii yenyewe. Mitokondria ya dubu wa barafu wote walio hai inakaa ndani ya mti wa dubu wa kahawia, karibu na dubu wa visiwa vya Admiralty, Baranof na Chichagof, Alaska. Mwaka 2011 ikaonekana kwamba mifupa ya kale ya Ireland ina mitokondria iliyo karibu zaidi, na ikapendekezwa kwamba dubu wa barafu wa leo walipata ukoo wao wa kike kutoka Ireland. Hoja ilikuwa nzuri, na data ilikuwa safi. Jenomu zilipoanza kusomwa, mshale ukageuka. Dubu wa barafu ni nasaba ya kale iliyojitegemea, na wao ndio waliotoa. Kazi ya Cahill na wenzake ya 2018 ilikuta dubu wa kale wa Ireland wenye hadi kama moja ya tano ya jenomu kutoka kwa dubu wa barafu, kiwango kilichopungua kadiri hali ya hewa ilivyopata joto.

Visiwa vya Alaska vinaonyesha namna ilivyotendeka. Mitokondria ya dubu wa huko yote ina asili ya dubu wa barafu. Kromosomu X ni asilimia 6.5. Kromosomu nyingine ni kama asilimia 1. Namba hizo tatu zinasimulia kitu kimoja ukijua tabia ya dubu: jike hukaa karibu na alikozaliwa, dume huenda mbali. Barafu ilipoondoka, dubu wa barafu walibaki visiwani. Madume wa kahawia wakaogelea kutoka bara, wakazaa nao, na kila kizazi kikawa cha kahawia zaidi. Mitokondria haikuguswa kwa sababu madume hawairithishi. X ilipungua polepole kwa kuwa theluthi mbili ya X zote hubebwa na majike. Aliyeangalia mitokondria peke yake angesema hao ni dubu wa barafu.

Kwa hiyo kwenye ramani yako, weka jinsia kando ya kila nukta. Mitokondria ya dume inaeleza alikoishi mama yake, na dume huyo anaweza kuwa amefia mbali sana na hapo. Hili si jambo dogo: uchunguzi wa 2019 ulikuta madume ni takriban theluthi mbili ya mifupa ya dubu wa kahawia iliyopimwa. Jinsia unaipata bila gharama ya ziada, kwa kulinganisha vipande vilivyoangukia X na vilivyoangukia kromosomu nyingine. Dume atakuwa na nusu.

Ukikuta pia chembe za dubu wa pangoni kwenye jenomu, usikimbilie kudhani ni uchafuzi. Dubu wa kahawia walio hai wana kati ya asilimia 0.9 na 2.4 ya asili hiyo.

Data ikishatoka

Thibitisha kwanza kwamba ni ya kale. Sitosini kwenye ncha za vipande hupoteza kikundi cha amino na kuwa urasili, ambayo mashine huisoma kama thaimini. Mchoro wa mabadiliko hayo upande ghafla kwenye besi za mwisho. Ukiwa bapa, umesoma dubu wa kisasa. Baada ya hapo kasoro hiyo inageuka kuwa kero, kwa hiyo tibu maktaba kwa kimeng'enya kinachoondoa urasili, ukiacha alama kwenye besi ya mwisho tu, au fanya uchambuzi wa jenomu kwa mabadiliko ya purini kwenda pirimidini na kinyume chake pekee.

Tupa vipande vilivyo chini ya besi 35. Kwenye besi 30, vipande vya bakteria huanza kushika jenomu ya dubu kwa bahati, na sampuli mbovu itaonekana nzuri kuliko ilivyo. Kwenye BWA, programu ya kupanga vipande kwenye jenomu ya rejea, zima utafutaji wa mbegu, yaani mwanzo wa kipande unaotafutwa kwanza (-l 1024), maana uharibifu uko nchani hasa pale mbegu inapoanzia. Ondoa nakala pacha. Kwa mitokondria taka kila sehemu iwe imesomwa angalau mara 3, na ufunike eneo la marudio ya besi kumikumi lililo ndani ya eneo la udhibiti, sehemu ya mitokondria isiyo na jeni. Vipande vifupi haviwezi kupangwa hapo, na yeyote anayesema amepanga amebahatisha. Mtego mwingine: tafiti nyingi za mwanzo zilisoma kipande kifupi tu cha eneo la udhibiti. Ukizichanganya na mitokondria zako nzima, matawi ya mti yatakuwa dhaifu hapo ambapo unataka yawe imara.

Uchafuzi wa dubu kwa dubu unatafutwa hivi: kwenye mitokondria, orodhesha sehemu zinazotofautisha nasaba na uhesabu vipande vinavyopingana. Kwa dume, X isiwe na sura mbili mahali pamoja.

Jenomu ya rejea nayo ina upendeleo. Ukipima asili ya dubu wa barafu huku umepanga vipande kwenye jenomu ya dubu wa barafu, vipande vifupi vinavyofanana nayo vitashika na vinavyotofautiana vitaanguka, na utapata mchanganyiko usiokuwepo. Panga kwenye jenomu ya spishi ya nje, kwa mfano panda, au angalau rudia na rejea mbili na ulinganishe. Kwa jenomu iliyosomwa chini ya mara 1, chukua besi moja bila mpangilio kila mahali na utumie takwimu za D, kipimo cha mchanganyiko kati ya nasaba. Usithubutu kutaja jozi kamili za aleli, yaani nakala zote mbili alizorithi mnyama kwa baba na mama.

Umri

Kolajeni ichujwe kwa kichujio laini na uwiano wa kaboni kwa naitrojeni uwe kati ya 2.9 na 3.6, nje ya hapo, tarehe usiitumie hata kama inakupendeza. Radiokaboni huishia kama miaka 50,000, kwa hiyo mfupa wa miaka 45,000 uko ukingoni na uchafu kidogo wa kaboni ya leo utaufanya uonekane kijana. Sawazisha kwa IntCal20, mkunjo wa kugeuza miaka ya radiokaboni kuwa ya kalenda, na kila unaposoma makala ya zamani uangalie ni miaka ipi inayotajwa. Lile pengo la Beringia la 35,000 hadi 21,000 ni kama 40,000 hadi 25,000 kwa miaka ya kalenda; ukilinganisha namba ghafi na kilele cha barafu utapata uhusiano wa uongo. Dubu wa pwani waliokula samaki au mizoga ya bahari huonekana wazee kwa miaka mia kadhaa, kwa hiyo omba isotopu za kaboni na naitrojeni zipimwe kwenye kolajeni hiyohiyo.

Mifupa iliyorudi na jibu la "zaidi ya", yaani iliyopita uwezo wa radiokaboni, inaweza kukadiriwa umri kwa mitokondria kwenye BEAST, programu ya kujenga miti yenye tarehe, ukitumia iliyopimwa kama nanga. Kabla ya kuiamini saa hiyo, changanya tarehe ovyo kati ya sampuli na uendeshe upya. Kama matokeo hayatofautiani, tarehe zako hazina ishara ya kutosha. Usiazime kasi ya mabadiliko iliyotokana na kutengana kwa spishi za dubu mamilioni ya miaka iliyopita. Kasi hiyo ni ndogo kuliko inayoonekana ndani ya maelfu ya miaka, na itayasukuma matukio yako mbali mno nyuma.

Jambo ambalo mwalimu wako anaweza kukuomba, na ningekushauri ukatae kwa heshima, ni mchoro wa kupanda na kushuka kwa idadi ya dubu kutokana na sampuli hizi. Njia hiyo huchukulia dubu wote kuwa jamii moja inayozaliana huru. Mapango yako yako mbalimbali na umri ni tofauti, kwa hiyo mgawanyiko wa kijiografia utajitokeza kama anguko la idadi. Kwa mifupa kumi na miwili, chora mti wenye tarehe, weka nukta kwenye ramani kwa vipindi vitatu (kabla, wakati na baada ya kilele), na ulinganishe na mfuatano uliokwisha kuchapishwa.

Kwenye kulinganisha huko, kagua sampuli za kisasa nazo. Milima ya Pyrenees imepokea dubu kutoka Slovenia tangu 1996, kwa hiyo sampuli ya "Pyrenees" iliyokusanywa baadaye inaweza kuwa na ukoo wa Balkani. Tumia zilizokusanywa kabla, au za makumbusho zenye mwaka na mahali. Unga uliobaki uufunge na kuuhifadhi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, nusu urudishe makumbusho ukiwa na namba ya mfupa, na unapoweka data hadharani weka vipande ghafi vyote, pamoja na vya sampuli tupu.